Sura ya Sita: Mazoezi Yanaporudi

Marathoni ya wanawake ya Olimpiki iliyokimbiwa Sapporo, kaskazini mwa Japani, tarehe 7 Agosti 2021, ilianza saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa moja. Usiku wa kuamkia siku hiyo waandaaji waliamua ianze mapema kwa kuhofia joto, na hata hivyo joto liliwashinda wakimbiaji wenye majina makubwa. Wakenya wanaikumbuka kwa Peres Jepchirchir aliyechukua dhahabu na Brigid Kosgei aliyechukua fedha. Sekunde kumi nyuma ya Kosgei aliingia Mmarekani ambaye wachache walimtarajia, Molly Seidel, kwa muda wa 2:27:46. Ilikuwa marathoni yake ya tatu tu maishani.

Waliomfuatilia walijua alikotoka. Mwaka 2016 Seidel alikuwa amekwisha kunyakua mataji kadhaa ya vyuo vikuu vya Marekani, na kampuni za viatu zilikuwa zinamngoja na mikataba mkononi. Hakutia saini. Aliingia kwenye matibabu ya ugonjwa wa ulaji uliokuwa ukimla kwa muda mrefu, ukiandamana na ule ugonjwa wa akili ambao mtu hulazimika kurudia mawazo na vitendo vilevile hata kama hataki. Baadaye aliishi Boston, akilea watoto wa watu na kuhudumia kwenye mgahawa wa kahawa huku akirudi kwenye mbio taratibu. Februari 2020, jijini Atlanta, alishika nafasi ya pili kwenye mchujo wa Olimpiki, nyuma ya Aliphine Tuliamuk, mzaliwa wa Pokot Magharibi nchini Kenya.

Ni rahisi kukigeuza kisa hiki kuwa hadithi tamu: binti aliugua, akakimbia, akapona. Haikuwa hivyo. Seidel amesema waziwazi kwamba hata baada ya medali ugonjwa ulimrudia, na mwaka 2022 timu ya Marekani ilikwenda kwenye mashindano ya dunia bila yeye. Kwake mbio zilikuwa kazi, furaha na mtego kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo hali ya wagonjwa wengi wa ulaji, wawe wanariadha au wanafunzi wa sekondari wanaoruka kamba chumbani mlango ukiwa umefungwa. Mazoezi ni sehemu ya ugonjwa wao, na ushahidi wa miaka thelathini iliyopita unaonyesha kwamba yanaweza pia kuwa sehemu ya tiba. Kinachoamua yawe lipi kati ya hayo mawili ni utaratibu: yanarudi lini, kwa kibali cha nani, na mgonjwa amekula nini kabla ya kufunga kamba za viatu.

Ugonjwa wa ulaji si kukosa hamu ya chakula, wala si deko la watoto wa matajiri. Ni maradhi ya akili yanayoubomoa mwili, na anoreksia imo katika kundi la maradhi ya akili yanayoua zaidi. Mwenye anoreksia hujinyima chakula kwa hofu kubwa ya kunenepa, na hata akibaki ngozi na mifupa bado hujiona mnene. Mwenye bulimia hula chakula kingi kwa mkupuo, mara nyingi kwa kificho, kisha hujaribu kukifuta kwa kujitapisha, kwa dawa za kuharisha, au kwa mazoezi ya kujiadhibu. Wapo wengine wanaokula kwa mkupuo bila kukifuta, nao huishi na aibu ambayo jirani hawezi kuiona.

Kwamba wagonjwa hawa hawatulii ni jambo lililoonekana tangu mwanzo kabisa. Mwaka 1873 Charles Lasègue, daktari wa Paris, aliandika kuhusu wasichana waliokonda bila ugonjwa wowote wa kifua wala tumbo. Mwaka uliofuata Sir William Gull wa London, tabibu wa familia ya Malkia Victoria, alichapisha visa vyake na kuupa ugonjwa huo jina linalotumika hadi leo. Kila mmoja kwa upande wake alishangazwa na jambo moja. Mgonjwa aliyepaswa kuwa hoi kitandani alikuwa kiguu na njia kutwa nzima, na mwendo huo ulionekana kumpendeza. Gull aliagiza apatiwe joto, apumzike, alishwe kila baada ya saa chache, na aangaliwe na watu wasiomwachia uamuzi wa nini ale.

Kwa nini mtu mwenye njaa akimbie? Jibu moja lilitoka kwa panya. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Routtenberg na Kuznesof, walichapisha majaribio ambayo yamerudiwa mara nyingi tangu hapo. Panya aliyepewa chakula kwa saa moja tu kwa siku, kizimbani mwake kukiwa hakuna gurudumu, alizoea ratiba hiyo na kuendelea kuishi. Panya mwenye ratiba hiyohiyo lakini aliyewekewa gurudumu la kukimbilia alianza kukimbia, na kila siku alikimbia zaidi ya jana yake. La ajabu ni kwamba saa ya chakula ilipofika alikula kidogo kuliko mwenzake asiyekimbia. Asipoondolewa kwenye gurudumu, alikufa.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mnyama aliyeishiwa akiba ameumbwa kuhama, aende akatafute malisho mahali pengine. Mafuta ya mwili hutengeneza homoni iitwayo leptini. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo huichukua hali hiyo kama amri ya kuondoka. Watafiti wa Ujerumani walipowapa leptini panya wenye njaa, zile mbio za gurudumuni zilipungua.

Binadamu si panya, na hakuna panya anayejitazama kwenye kioo akachukia alichokiona. Hata hivyo matokeo haya yana faraja kubwa kwa mzazi aliyechoka kumwambia mwanawe, "Kaa chini, mwanangu, utaanguka." Kutotulia kule si ukaidi mtupu. Sehemu yake ni mwili wenye njaa unaotoa amri, na amri hiyo haizimwi kwa mahubiri wala kwa vitisho. Inazimwa na chakula, siku baada ya siku, hadi akiba irudi. Kila kitu kingine katika sura hii kinasimama juu ya msingi huo.

Jambo hilohilo, kwamba njaa yenyewe hubadilisha akili, lilionekana kwa wanaume wazima wenye afya kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Kati ya Novemba 1944 na mwisho wa 1945, mtaalamu wa fiziolojia Ancel Keys aliwaweka vijana 36 waliojitolea, watu waliokataa kubeba silaha vitani kwa sababu za dhamiri, kwenye mpango wa njaa ya nusu shibe uliodumu wiki 24. Waliishi chini ya uwanja wa mpira wa chuo na walitakiwa kutembea kilomita 35 hivi kila wiki. Walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Wakawa wanauchezea mlo mmoja kwa saa nzima, wananuna, wanajitenga. Ingawa wengi walilegea na kuburuta miguu, baadhi yao walijisukuma kwa makusudi, wakijichosha ili wasipunguziwe posho ya mkate. Ilipofika zamu ya kuwarudishia afya, Keys aligundua kwamba chakula cha kawaida hakikutosha: kwa miezi kadhaa mtu alihitaji kalori kama 4,000 kwa siku ili ajengeke upya. Familia nyingi hushtuka zikisikia kiasi ambacho anayepona anapaswa kula. Vijana wa Minnesota ndio jibu lao.

Kwa muda mrefu jibu la hospitali kwa miguu isiyotulia lilikuwa kitanda. Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliipa sifa tiba ya mapumziko katika miaka ya 1870: kulala, maziwa, kukandwa mwili, na kutengwa na ndugu. Karne ya 20 ilirithi mtindo huo. Kwenye wodi nyingi za Ulaya na Marekani mgonjwa wa anoreksia hakuruhusiwa kushuka kitandani mpaka uzito upande, na kila ruhusa, ya kwenda bafuni peke yake, ya kupokea wageni, ya kutoka bustanini, ilipimwa kwa mizani.

Wanaofanya kazi kwenye wodi hizo wanajua kilichotokea. Mgonjwa aliyelazwa alikaza misuli ya tumbo chini ya shuka, mara mia, muuguzi akidhani amelala. Alisoma kitabu akiwa amesimama. Alitikisa mguu chini ya meza wakati wa kula. Alisahau kitambaa chake ghorofani makusudi ili apate sababu ya kupanda ngazi tena. Mazoezi hayakuisha, yaliingia mafichoni, na humo hakuna daktari anayeweza kuyasimamia. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, mtu yuleyule alikabidhiwa barabara nzima na uhuru wote bila kufundishwa chochote kuhusu namna ya kuutumia.

Hata hivyo madaktari wa kitanda hawakuwa wajinga, na atakayesoma kuhusu faida za mazoezi anapaswa kwanza kuelewa walichokiogopa. Moyo ni msuli. Mwili ukikosa chakula hujila wenyewe, na moyo haubaguliwi. Hunyauka, ukapiga polepole. Hapa ndipo makocha wengi hudanganyika, kwa sababu moyo wa mwanariadha hodari nao hupiga polepole. Msichana mwenye mapigo machache kwa dakika anaweza kusifiwa kwa pumzi yake, kumbe moyo wake unabana matumizi ili usizimike. Aliye na bulimia ana hatari nyingine: kutapika na kuharisha humwaga potasiamu, madini ambayo moyo hauwezi kwenda sawa bila hayo. Moyo uliopungukiwa potasiamu ukiongezewa mbio za nguvu unaweza kuvurugika mapigo ghafla na kusimama. Na siku za mwanzo za kulishwa upya zina hatari yake, kwani sukari ikirudi kwa kasi huvuta fosfati kutoka kwenye damu na kuacha viungo bila nishati. Hali hiyo ilijulikana vizuri baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafungwa waliokuwa mikononi mwa Wajapani walipopewa chakula kingi wakafa wakati wa ukombozi wao. Ndiyo maana hakuna mazoezi kabla ya vipimo vya damu na kipimo cha umeme wa moyo.

Kisha mifupa. Mtu mwenye afya akiruka na kukimbia, mifupa yake hukomaa. Kwa msichana aliyekosa hedhi kwa sababu ya njaa, homoni ya estrojeni inayolinda mifupa imeshuka, na kila hatua badala ya kujenga inachimba. Mary Cain, Mmarekani aliyekimbia fainali ya mashindano ya dunia ya Moscow mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 17, alieleza kwenye video ya gazeti la New York Times mwezi Novemba 2019 kwamba alipitia miaka mitatu bila hedhi na mifupa mitano iliyopasuka, katika mazingira ambamo alishinikizwa apungue na kuendelea kupungua. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikuwa imelipa tatizo hili jina rasmi mwaka 2014: upungufu wa nishati michezoni, hali ambayo mwanariadha hutumia zaidi ya anachokula, na mwili ukaanza kufunga idara zake moja baada ya nyingine, hedhi, mifupa, kinga, hata hisia. Wanaume nao wamo. Kwao huonekana kwa homoni za kiume kushuka na hamu ya tendo la ndoa kupotea, mambo ambayo vijana wachache watayataja bila kuulizwa.

Basi kama hatari ni hizo, kwa nini mazoezi yarudi?

Sababu ya kwanza ni kwamba yatarudi tu. Hakuna anayeishi bila kutembea. Watafiti wamekuta mazoezi ya kupindukia kwa sehemu kubwa sana ya wagonjwa wa anoreksia, kuanzia theluthi moja hadi nne kwa tano kulingana na nani aliyepimwa na kwa kipimo gani, na wanaotoka hospitalini wakiwa bado na tabia hiyo ndio walio katika hatari zaidi ya kuugua tena. Sababu ya pili ni matokeo. Mwaka 1993 kundi la watafiti wa Sydney, akiwemo Stephen Touyz, liliwapa wagonjwa waliolazwa mazoezi mepesi ya kunyoosha na kuimarisha viungo wakati wanalishwa. Hofu ya wote ilikuwa kwamba uzito utagoma kupanda. Haukugoma. Mwaka 2004 Rachel Calogero na Kelly Pedrotty walichapisha matokeo ya wanawake 254 waliotibiwa kwenye kituo kimoja cha Marekani. Wenye anoreksia walioshiriki mazoezi yaliyosimamiwa waliongezeka uzito kuliko wasioshiriki, na waliacha kuyafikiria mazoezi kama deni la kulipa. Utafiti wa Seattle uliochapishwa 2010 uliwahusisha vijana 54, karibu wote wasichana. Waliofanya yoga na mwalimu mmoja mmoja kwa wiki nane walipungukiwa na dalili za ugonjwa bila kupungua uzito, na mara baada ya kila kipindi mawazo yao juu ya chakula yalikuwa yametulia.

Ni tafiti ndogo, na wengi waliohusika ni wanawake wa nchi tajiri. Zipo pia zilizoleta jibu la kukatisha tamaa. Wataalamu wa Uingereza na Australia walitengeneza tiba maalumu ya kuvunja kulazimika kufanya mazoezi, wakaijaribu kwa watu wazima 78 wenye anoreksia, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba waliopata tiba hiyo juu ya tiba ya kawaida ya mazungumzo hawakuwazidi wenzao waliopata mazungumzo peke yake. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Kwa hiyo asitokee mtu akauza programu ya mazoezi kama tiba ya anoreksia. Mazoezi hayatibu anoreksia. Yakiwekwa mahali pake hayazuii kupona, na yanaweza kumrudishia mgonjwa uhusiano wa amani na mwili wake.

Kwa bulimia na ulaji wa mkupuo habari ni nzuri zaidi, na hapa inafaa kukaa kidogo. Norway imekuwa mstari wa mbele. Mwaka 2002 Jorunn Sundgot-Borgen na wenzake walilinganisha mazoezi, ushauri wa lishe na tiba ya mazungumzo kwa wanawake wenye bulimia, na mazoezi yalifanya vizuri kiasi cha kuwashangaza wengi. Miaka kadhaa baadaye Therese Fostervold Mathisen na kundi lake, kwenye Chuo cha Sayansi za Michezo cha Norway jijini Oslo, walijaribu mpango wa wiki 16 ulioendeshwa kwa vikundi na wakufunzi wa mazoezi pamoja na wataalamu wa lishe. Hapakuwa na mwanasaikolojia katika mpango huo. Ukilinganishwa na tiba ya mazungumzo, ulikaribiana nayo kwa matokeo, na mwanzoni nafuu ilikuja haraka zaidi. Kwa nchi ambazo madaktari wa magonjwa ya akili ni wa kuhesabika na wengi wako mijini, habari hiyo ina uzito zaidi kuliko ilivyo Oslo. Mtaalamu wa lishe wa hospitali ya mkoa na mwalimu wa michezo aliyefundishwa vizuri wanapatikana kabla mwanasaikolojia hajapatikana.

Tofauti kati ya mazoezi yanayougua na yanayoponya haionekani kwenye saa ya mkononi. Wanasaikolojia wa Loughborough nchini Uingereza, waliotunga dodoso la kupima tabia hii mwaka 2011, hawakuishia kuuliza mtu anakimbia kilomita ngapi. Waliuliza anajisikiaje akikosa. Anayetoka kukimbia mvuani akiwa na homa kwa sababu hawezi kuvumilia kukosa siku moja, anayekimbia kifundo kikiwa kimevimba, anayekataa kula chakula cha jioni mpaka atimize idadi aliyojiwekea, huyo anaumwa hata kama anakimbia nusu saa tu. Na yupo anayefanya mazoezi saa tatu kwa siku, akala akashiba, akapumzika Jumapili bila kinyongo, na hana tatizo lolote.

Ndiyo maana vipindi vya mazoezi ya tiba vinafanana kidogo sana na jimu. Kwanza mgonjwa anakula. Kitafunwa kinaliwa mbele ya wenzake kabla ya kuanza, na kingine baada ya kumaliza, na asiyekula hashiriki siku hiyo. Chumbani hakuna mizani, na kama kuna kioo kimefunikwa. Saa za kuhesabu hatua na kalori zinaachwa nje. Wanaanza kwa kunyoosha viungo na kupumua. Yanafuata mazoezi ya mgongo na mapaja, kwa sababu misuli hiyo ndiyo iliyoliwa na njaa, na mgonjwa aliyeshindwa kuinuka kwenye kiti bila kujishika anaona maendeleo ya aina nyingine kabisa, ya nguvu na si ya wembamba. Halafu mchezo: mpira wa kurushiana, dansi, kitu chenye kicheko na kisichohesabika. Msimamizi anasema "Basi", na wote wanaacha. Kwa wengi hilo ndilo gumu kuliko yote. Hatimaye wanakaa chini, na kila mmoja anajibu swali moja au mawili: ulikuwa unawaza nini? Ulitaka kuendelea kwa sababu ulifurahi, au kwa sababu uliogopa?

Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na wataalamu wa Australia na wenzao uligawa safari hii katika ngazi nne. Mgonjwa hupandishwa kwa kuangalia uzito, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, vipimo vya damu, hedhi, na mwenendo wake mwenyewe kuhusu mazoezi. Ngazi ya chini ina kunyoosha viungo tu. Mbio na michezo ya ushindani ziko juu kabisa. Uzuri wa ngazi ni kwamba hushukwa pia: moyo ukivurugika au milo ikianza kurukwa, mazoezi yanapunguzwa siku hiyohiyo, na hakuna anayeliita jambo hilo adhabu. Mgonjwa analijua tangu mwanzo.

Afrika Mashariki haiko nje ya habari hii, ingawa wengi bado wanadhani ni ugonjwa wa Wazungu. Daktari Frank Njenga wa Nairobi na mwenzake waliandika kuhusu anoreksia nchini Kenya kwenye East African Medical Journal mwaka 2004. Na utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu wakimbiaji wa kike wa Kenya walio katika umri wa ujana ulikuta takriban mmoja kati ya sita ana nishati ndogo kuliko mwili unavyohitaji, ilhali miongoni mwa wasichana wasio wanariadha hali hiyo ilikuwa nadra. Karibu theluthi moja ya wakimbiaji hao walikuwa na matatizo ya hedhi. Hawa ni watoto wa nchi inayotawala mbio ndefu duniani. Si wote wana ugonjwa wa ulaji. Wengine hawana chakula cha kutosha, au hawajaambiwa kwamba mazoezi ya mara mbili kwa siku yanahitaji sahani ya ziada ya ugali. Mfupa haujali sababu. Lakini anayemtibu lazima aijue, kwa kuwa mmoja anahitaji chakula na mwingine anahitaji chakula pamoja na msaada wa kuweza kukila.

Mijini mambo yamechukua sura yake. Vikundi vya simu vya kukata tumbo kwa siku thelathini, picha za kabla na baada, mashindano ya hatua kazini. Kwa wengi havina madhara. Kwa aliye katika hatari ni mlango, na jamii humpigia makofi wakati anaupita, kwa sababu binti aliyepungua anaambiwa amependeza, na kijana anayeishi jimu akila nyama ya kuku na mayai matupu anaambiwa ana nidhamu. Mwezi wa Ramadhani nao unataka uangalifu. Dini imemruhusu mgonjwa kula, na ugonjwa huu ni ugonjwa. Anayepona hapaswi kuachwa peke yake na uamuzi wa kufunga, sembuse kufunga huku akikimbia jioni kabla ya futari. Amuulize daktari wake, na shehe anayemwamini.

Faida moja tuliyo nayo ni kwamba huku kwetu kutembea bado si lazima kuitwe mazoezi. Binti aliyefikia ngazi ya kuruhusiwa kutembea anaweza kwenda sokoni na shangazi, wakarudi wakizungumza, wakasimama kununua maji ya madafu. Anaweza kucheza rede na wadogo zake mpaka waitwe kula. Anaweza kucheza ngoma harusini. Hakuna kilomita zinazohesabiwa humo, hayuko peke yake, na mwishoni kuna chakula. Mpango wowote wa kurudisha mazoezi kwa mgonjwa wa Temeke au Eldoret ungefanya vizuri kuanzia hapo badala ya kwenye mashine ya kukimbilia.

Kwa kocha, mwalimu wa michezo na mzazi anayesoma sura hii: ulizeni. Muulizeni msichana kama anapata hedhi, na mkimuuliza kwa faragha na heshima atajibu. Muulizeni kijana anajisikiaje siku asipofanya mazoezi. Mkiona anakonda huku akiongeza mazoezi, anakwepa meza, anazimia, anaumia mifupa kila mara, au moyo wake unapiga polepole kuliko kawaida huku viganja vikiwa baridi, msimshauri apumzike wiki moja mkaishia hapo. Mpelekeni hospitali akapimwe damu na moyo, na mwambieni daktari habari zote mbili, ya chakula na ya mazoezi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda akaitaja moja tu.